Tuta la Mchicha na Mche wa Nyanya: Kipi Kinarudisha Fedha?

Kusi limeanza kulegea, joto la usiku limerudi, na bustani nyingi za uani hapa Dar es Salaam zimefika mwisho wa msimu wake mzuri. Kuanzia Juni mpaka Septemba hewa huwa kavu, jua halichomi sana, ukungu haupati unyevu wa kusambaa, na mboga hustawi ilimradi maji yapo. Kabla vuli haijashika, huu ndio wakati wa kufungua daftari na kujiuliza kama mboga za uani zimeokoa fedha za nyumba au zimezila.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Bustani ya nyumbani hulipa kwa majani yanayochumwa yakachipua tena, na kwa mimea michache ya matunda inayovumilia joto la pwani. Nyanya, ambayo karibu kila anayeanza bustani huipanda kwanza, ni ya kufikiria mara mbili. Kabichi na karoti ningewaachia watu wa Lushoto. Na anayenunua maji ya ndoo ana hesabu yake tofauti kabisa, ambayo washauri wengi wa bustani hawaigusi.

Tuanze na hayo maji, kwa kuwa ndiyo gharama isiyokosa siku. Chukua tuta la mita moja kwa mita tatu, kipimo ambacho hata ua mdogo unaweza kukitoa. Wakati wa kiangazi tuta hilo linakunywa kama ndoo moja ya lita 20 kwa siku. Kwa mwezi ni ndoo 30, yaani lita 600. Mwenye bomba nyumbani hulipa kwa uniti, na uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50. Bili ikiwa shilingi 2,000 kwa uniti, tuta lake limetumia shilingi 1,200 kwa mwezi. Jirani yake anayenunua ndoo kwa shilingi 200 ametoa shilingi 6,000 kwa tuta la ukubwa uleule.

Sasa weka mchicha kwenye matuta hayo mawili. Mchicha unang'olewa baada ya wiki tatu mpaka nne tangu mbegu imwagwe. Tuta likikubali, unapata mafungu kumi mpaka kumi na tano ya ukubwa wa gengeni. Fungu likiwa shilingi 500, umevuna mboga ya shilingi 5,000 mpaka 7,500. Mwenye bomba amebaki na faida nzuri kwa mwezi. Mnunua ndoo amerudisha fedha ya maji tu, na bado hajahesabu mbegu, samadi wala kuinama kwake kila asubuhi. Wote wawili wamefanya kazi sawasawa na mboga zao zinafanana. Kilichowatenganisha ni bomba. Kwa hiyo, kabla hujanunua pakiti hata moja ya mbegu, jua kwanza lita moja ya maji inakugharimu kiasi gani.

Hilo halimaanishi kwamba mnunua maji aache bustani. Maana yake ni kwamba achague mimea kwa makini na atumie maji mara mbili. Maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga na ya kusuuzia vyombo kabla sabuni haijaingia yanafaa moja kwa moja. Ya kufulia yenye jiki yasiguse bustani. Matandazo ya nyasi kavu au pumba za mpunga yakilala juu ya udongo kwa unene wa vidole vitatu, udongo unabaki na unyevu muda mrefu zaidi, na mara nyingi mtu anaruka siku moja bila kumwagilia na mmea usioneshe dalili yoyote. Pumba mashineni hupatikana kwa bei ndogo, pengine bure kwa anayekuja na kiroba chake. Sijaona shilingi nyingine ya bustani inayorudi haraka kama hiyo.

Halafu kuna paa. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Dar es Salaam hupata mvua ya wastani wa milimita 1,100 hivi kwa mwaka. Kibanda cha jiko chenye bati la mita nne za mraba kinajaza pipa la lita 200 kwa mvua kubwa ya milimita 50, na mvua ya namna hiyo inaweza kunyesha kwa siku moja. Pipa moja ni siku kumi za tuta letu. Vuli iko mlangoni, na mfereji wa bati ukifungwa sasa utaanza kufanya kazi mvua ya kwanza ikinyesha.

Turudi kwenye majani. Mchicha una njia mbili za kuvunwa, na tofauti yake ni ya fedha. Kung'oa kunakupa malipo mara moja, kisha unaanza upya na mbegu, samadi na wiki za kungoja. Kukata shina kwa juu, ukiacha kipande cha kama urefu wa kiganja chenye macho mawili matatu, kunaleta machipukizi ya pembeni na unakata tena baada ya wiki mbili hivi. Mavuno ya pili na ya tatu hayana majani mapana kama ya kwanza, lakini yamekuja bila mbegu mpya. Ukiacha mimea miwili iliyonenepa ifikie kutoa mashuke, unapukuta mbegu nyeusi ndogo kama punje za baruti, nyingi kuliko matuta yako yanavyohitaji kwa mwaka. Pakiti ya mchicha inanunuliwa mara moja tu.

Matembele yanaushinda hata mchicha. Mbegu yake ni marando, na marando huombwa kwa jirani, hayanunuliwi. Unakata kipande cha urefu wa sentimita 25 au 30, unafukia macho mawili au matatu, na baada ya mwezi na kitu unaanza kuchuma ncha. Ukichuma ncha, rando linatoa matawi zaidi, na tuta hilohilo linakupa mboga kwa miezi mingi. Samadi halidai sana. Maji likiyakosa siku mbili hunyong'onyea, kisha likimwagiliwa husimama tena. Na gengeni fungu lake linauzwa bei ya fungu la mchicha. Kwa hiyo anayenunua maji ya ndoo, mimi nisingemshauri mchicha hata kidogo. Ningemwambia atafute marando ya matembele, yale ya kuchumwa majani yenye vikonyo laini, ajaze tuta zima.

Kuna mboga nyingine inayosahaulika kwa sababu imesimama kwenye uzio: kisamvu cha mpira. Kinapandwa kijiti, kinakuwa mti, kinatoa kivuli, na kikishashika mizizi hakihitaji kumwagiliwa kiangazi kizima. Kazi yake ipo kwenye kutwanga na kukichemsha vya kutosha, kwa kuwa majani ya muhogo yana sumu inayotaka kutolewa kwa kutwangwa na moto. Mkaa au gesi ya kuchemshia nayo ni gharama, ihesabu. Hata hivyo, kwa nyumba yenye familia kubwa, mti mmoja wa kisamvu unafanya kazi ambayo hakuna tuta litaifanya kwa bei hiyo.

Sukuma wiki, chainizi na spinachi zinafaa kwa mwenye bomba. Sukuma wiki inachumwa jani moja moja kutoka chini kwa miezi mitatu au zaidi. Shida yake pwani ni vidukari, wale wadudu wadogo wa kijivu wanaojikusanya chini ya jani changa, na chainizi joto likipanda hukimbilia kutoa maua. Nimeziweka kundi la pili.

Kabla ya nyanya kuna jambo lisiloandikwa kwenye safu ya shilingi. Mwaka 1999 watafiti Bahemuka na Mubofu walichapisha utafiti wa mboga za majani zinazolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi hapa jijini, wakipima madini mazito kama risasi na kadimiamu ndani ya majani yenyewe. Madini ya namna hiyo yakishaingia kwenye jani kupitia mizizi hayatoki kwa kuoshwa, hata kwa maji ya chumvi. Fungu la gengeni halina maandishi ya kukwambia lilimwagiliwa maji gani, na mama wa genge naye amelipokea alfajiri kutoka kwa mchuuzi. Mboga ya uani unajua ilikunywa nini. Kwangu mimi, kwa nyumba yenye watoto wadogo, hilo peke yake linatosha kuhalalisha tuta moja hata kama hesabu ya fedha imetoka sare. Lakini lina sharti: bustani yenyewe isiwe pembeni ya gereji, isiwe mahali palipochomwa betri na nyaya, na isipate maji ya mtaro wa barabara.

Sasa nyanya. Kwenye karatasi, nyanya inashinda kila kitu, na ndiyo maana inawavuta watu. Tuta letu la mita tatu za mraba linabeba miche kumi. Kila mche ukizaa kilo mbili, ni kilo 20. Kilo ikiwa shilingi 1,500, ni shilingi 30,000 kwa muda wa miezi mitatu na nusu hivi. Mchicha kwa muda huohuo, ukipandwa mara tatu, umeleta kama shilingi 18,000. Hesabu hiyo ukiisoma mezani, utapanda nyanya uani kote.

Uani mambo yanakwenda vingine. Shika jani la nyanya la katikati ya mmea, linyanyue dhidi ya jua la asubuhi. Ukiona doa jeupe pana kama lengelenge, na ndani yake vidoadoa vyeusi, huyo ni kantangaze, na mara nyingi utamwona mwenyewe, kiwavi mdogo wa kijani anayejisogeza katikati ya ngozi mbili za jani. Kwenye tunda anaacha tundu dogo kama la sindano karibu na kikonyo. Nje nyanya inang'aa, ndani imeshaanza kuoza. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kusini, na hapa nchini alitambuliwa mwaka 2014 upande wa Arusha. Kwa kuwa kiwavi anaishi ndani ya jani, dawa ya kupuliza juu inampita, na amezoea dawa nyingi. Mkulima mkubwa anabadilisha dawa za aina tofauti na kutega mitego. Mwenye miche kumi akinunua chupa moja ya dawa ya maana, thamani ya mavuno imeshaanza kumegeka. Akinunua ya pili, tuta limekula hasara. Na kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuchuma, zimeandikwa kwenye kibandiko. Anayepuliza Jumamosi akachuma kachumbari Jumapili amepoteza sababu yote ya kulima chakula chake mwenyewe.

Ongeza mnyauko, ambapo mche uliokuwa mzima jana unaukuta leo umelegea wote ukiwa bado kijani. Ongeza vijiti na kamba. Ongeza nyanya zinazooza kitako kwa sababu umwagiliaji haukuwa wa mpangilio. Ukipoteza nusu, na uani kwa pwani kupoteza nusu ni jambo la kawaida, mavuno ni shilingi 15,000 kabla ya gharama. Mchicha umeshakupita.

Jambo la pili ni soko. Nyanya zako zinaiva kiangazi, wakati uleule ambao malori ya matenga kutoka Ilula, Morogoro na Lushoto yanashusha mzigo Ilala na Mabibo, na sado inashuka bei. Masika ikiwa kali nyanya huadimika na bei hupanda, lakini masika ndiyo wakati ambao ukungu unamaliza nyanya za uani kwa wiki moja. Kwa hiyo nyanya unaipata kwa wingi wakati ni rahisi, unaikosa wakati ni ghali. Mchicha na matembele hayana bei ya kupanda na kushuka namna hiyo, kwa hiyo kila fungu unalochuma uani linaokoa fedha ileile mwaka mzima.

Bado kuna anayetaka nyanya yake, na simzuii. Nyanya iliyoivia mtini ni tamu kuliko iliyosafiri ndani ya tenga. Basi apande miche minne, asipande kumi, na anunue miche kitaluni badala ya pakiti. Pakiti ya mbegu chotara ina mbegu nyingi kuliko ua wake unavyoweza kubeba, na mbegu inayobaki inapoteza nguvu kabatini kwenye joto letu. Anayependa kuhifadhi mbegu zake mwenyewe atafute aina za kawaida kama Tanya au Tengeru 97, zilizotoka kwenye utafiti wa Tengeru, Arusha, mwaka 1997. Hizo mbegu zake huzaa mimea inayofanana na mama. Chotara hairudii. Mbegu ukikamua kwenye nyanya chotara na kupanda, unapata mchanganyiko wa mimea mikubwa na midogo, inayozaa na isiyozaa. Kwa vyovyote vile, pakiti iwe imefungwa na iwe na tarehe pamoja na lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini. Mbegu za kupimiwa kwa kijiko kutoka kopo lililo wazi hazina bei nzuri, hata ziwe rahisi vipi.

Matunda yanayolipa pwani ni mengine. Bamia, kwanza. Inapenda joto, inaanza kuzaa karibu miezi miwili baada ya kupandwa, na inachumwa kila baada ya siku mbili au tatu. Ukichelewa inakuwa ngumu kama kuni. Nyanya chungu ni mvumilivu zaidi, na ikipogolewa inazaa kwa miezi mingi. Na pilipili mbuzi: mche mmoja mahali penye nusu kivuli unatosheleza nyumba nzima mwaka mzima, na bado majirani wataomba. Ukilinganisha eneo linalochukua na fedha inayookoa, sijui mmea unaoizidi.

Samadi inastahili aya yake, maana hapo watu wanatapeliwa na wanajitapeli. Samadi ya kuku ina nguvu kuliko ya ng'ombe, lakini ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Muuzaji atakwambia, "Mama, hii imeoza kabisa, we chukua tu." Mwitikie kwa heshima, kisha ingiza mkono katikati ya kiroba. Ukikuta joto, haijaiva. Ukisikia harufu kali ya kuchoma pua, haijaiva. Iliyoiva ni baridi, inamomonyoka, na inanuka udongo. Ya ng'ombe ni salama zaidi, ila inaweza kuja na mbegu za magugu, na kiroba kilichojazwa na udongo wa mahali penye ndago kitakupa kazi ya kung'oa kwa miaka. Viroba viwili kwa tuta letu kwa msimu vinatosha, na kuanzia msimu wa pili mboji ya maganda ya jikoni na majani makavu inaweza kupunguza kiroba kimoja. Udongo mweusi unaouzwa na watu wa maua barabarani ni mzuri kwa vyungu, lakini kwa kujaza tuta zima bei yake hailipi kwa mboga ya shilingi 500.

Kwa mpangaji, vyombo vya kuhamishika. Mfuko wa salfeti ndio rahisi kuliko vyote, lakini jua linaupukutisha, na baada ya msimu mmoja au miwili unapasuka udongo ukiwa ndani. Ndoo ya plastiki iliyopasuka au dumu la lita 20 lililokatwa ubavuni linadumu zaidi, na mara nyingi nyumbani lipo tayari. Toboa chini, si pembeni tu. Vyombo vyote hivi vinakauka haraka kuliko ardhi, kwa hiyo mnunua maji aweke humo pilipili na mimea ya viungo, majani ya kupikwa kila siku ayapeleke ardhini.

Na kama unamlipa kijana wa kumwagilia kwa ajili ya matuta mawili, funga daftari. Hakuna mboga ya matuta mawili itakayobeba mshahara wa mtu.

Kazi iliyobaki sasa ni kusafisha, na humo kuna uamuzi mmoja wa fedha ambao wengi wanaupita. Unapong'oa nyanya zilizochoka, usizitupe kabla hujakung'uta mizizi na kuiangalia. Mizizi yenye vinundu vinundu ina minyoo fundo, na minyoo hao wanabaki udongoni. Tuta hilo usiliwekee nyanya tena, wala nyanya chungu, wala pilipili, wala bilinganya, ambazo zote ni ukoo mmoja. Bamia pia usiiweke, ingawa si ya ukoo huo, kwa sababu minyoo hao huipenda mno. Panda mahindi ya kuchoma mvua za vuli zikishika, na mizizi ya nyanya iliyoathirika iunguzwe, isiingie kwenye mboji. Mizizi ikiwa safi, tuta hilo ni la bamia, na bamia ya Oktoba itakuwa inachumwa Krismasi.